Tabaka la Fonti Katika Maktaba ya Michoro: Mipaka Ichorwe Wapi

Tabaka la fonti ni ile sehemu ya maktaba ya michoro inayopokea maandishi kutoka kwa programu na kuyatoa yakiwa pikseli kwenye skrini, wino kwenye karatasi ya printa au maumbo ndani ya faili la PDF. Juu yake kuna vitufe, menyu na visanduku vya kuandikia. Chini yake kuna mafaili ya fonti, mfumo wa uendeshaji na kadi ya michoro. Mtumiaji haioni kazi hii, maana maandishi yamezoeleka mno. Kwa msanidi ni miongoni mwa sehemu ambazo kosa dogo la mwanzo huwa ghali kulirekebisha, kwa sababu kila kitu kingine kimejengwa juu yake. Tabaka linalonyumbulika hupatikana kwa kuitenga kazi katika hatua zinazojitegemea, ili injini ya kuchora iweze kubadilishwa bila kugusa upangaji wa mistari, na njia ya kutafuta fonti ibadilike bila kugusa injini ya kuchora. Wingi wa mipangilio hausaidii kitu iwapo mipaka hiyo imechorwa mahali pasipofaa.

Hatua zenyewe ni sita. Maandishi huja yakiwa mfululizo wa namba za Unicode. Kwanza hukatwa vipande, kila kipande kikiwa na hati moja, lugha moja na uelekeo mmoja wa kusomwa. Kisha kila kipande hutafutiwa fonti. Halafu namba za herufi hugeuzwa kuwa namba za maumbo yaliyomo ndani ya fonti, na kila umbo hupewa nafasi yake. Baada ya hapo mistari hukatwa kulingana na upana uliopo. Ndipo mizingo ya maumbo hugeuzwa kuwa pikseli, na mwishowe pikseli hizo huchanganywa na rangi iliyoko nyuma yake. Hatua ya tatu na ya nne huingiliana, kwa kuwa mstari ukikatwa katikati ya kipande, maumbo ya pale ulipokatwa yanaweza kubadilika. Zilizobaki zinaweza kutengana kabisa, na inafaa zitengane.

Mpaka wenye uzito kuliko yote ni ule ulio kati ya herufi na umbo. Herufi ni namba katika Unicode, na maana yake ni ileile popote iendako. Umbo ni mchoro uliomo ndani ya fonti fulani, nao una namba ambayo ni ya fonti hiyo peke yake. Umbo namba 68 la fonti moja laweza kuwa herufi a, na la fonti nyingine likawa alama ya asilimia. Hakuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya hesabu ya herufi na hesabu ya maumbo, na maktaba nyingi zilizowahi kudhani kwamba upo zimelazimika kuandikwa upya.

Neno moja la Kilingala, jirani wa Kiswahili nchini Kongo, latosha kulionyesha jambo hili. Neno lɛlɔ́, yaani leo, lina herufi nne machoni pa msomaji. Ndani ya kompyuta lina namba tano za Unicode, kwa sababu ɔ́ haina namba yake: huandikwa kwa U+0254 ikifuatwa na U+0301, alama ya toni inayoambatana na herufi iliyotangulia. Likihifadhiwa kwa UTF-8 linachukua baiti nane. Fonti moja italichora kwa maumbo matano, la mwisho likiwa ni alama isiyo na upana, inayosogezwa hadi ikae juu ya ɔ; fonti nyingine ina umbo moja lililokwisha kuunganishwa, hivyo maumbo huwa manne. Mtumiaji akilivuka neno zima kwa mshale wa kulia, kishale kinapaswa kupiga hatua nne. Akibonyeza kitufe cha kufuta mwishoni mwa neno, ni uamuzi wa sera ya maktaba kama itafutwa toni peke yake au ɔ na toni yake kwa pamoja. Maktaba inayohesabu baiti itakosea, inayohesabu namba za Unicode itakosea, na inayohesabu maumbo itakosea pia kila fonti inapobadilika.

Hata alfabeti zinazoonekana nyepesi zina mitego ya aina hii. Herufi ĩ ya Kikuyu na Kikamba ina namba yake, U+0129, lakini inaweza pia kuja ikiwa i ya kawaida pamoja na U+0303. Njia hizo mbili lazima zitoe picha moja, na mtumiaji anayetafuta neno asilazimike kujua ni kibodi gani iliyoliandika.

Kwa hiyo kiolesura cha ndani kisiwe na amri ya kuchora herufi moja, wala amri inayorudisha upana wa herufi moja. Amri hizo huvutia kwa urahisi wake, na zikishawekwa wazi kwa wasanidi wa programu hazifutiki tena. Maktaba ya Cairo inayo amri nyepesi ya kuchora maandishi, lakini nyaraka zake zenyewe huiita ya kuchezea na kuwaelekeza wenye kazi ya kweli kwenye amri zinazopokea maumbo. Huo ni uaminifu wa kupongezwa, ingawa ingekuwa heri zaidi amri kama hiyo isiwepo kabisa katika maktaba mpya.

Kinachopaswa kupita mpakani ni mfuatano wa maumbo: fonti moja iliyokwisha kuamuliwa, orodha ya namba za maumbo, nafasi ya kila umbo kwa mlalo na kwa wima, na ramani inayoonyesha kila umbo lilitoka sehemu ipi ya maandishi. Kila kilicho juu ya mpaka huu kazi yake ni kuuzalisha mfuatano huo. Kila kilicho chini yake huuchora bila kujua ni lugha gani. Ramani ya kurudi kwenye maandishi ndiyo hudharauliwa kwa urahisi, kwa kuwa skrini haiihitaji. Faili la PDF linaihitaji, la sivyo msomaji akinakili aya moja atapata takataka badala ya maneno. Cairo yenyewe iliongeza amri ya kupeleka maumbo pamoja na maandishi yake mwaka 2008, katika toleo la 1.8, baada ya kuishi miaka kadhaa na ile isiyobeba maandishi. Visoma-skrini vya wasioona na utafutaji wa maneno ndani ya hati hutegemea taarifa hiyohiyo.

Historia ya mfumo wa X Window inaonyesha gharama ya kuuweka mpaka huu pasipostahili. Katika X11, iliyotoka mwaka 1987, fonti zilikaa upande wa seva ya skrini. Programu ilituma misimbo ya herufi pamoja na jina la fonti, jina refu lenye sehemu 14 zilizotenganishwa kwa vistari, na seva ikachora. Programu haikuweza kuifikia mizingo ya maumbo, haikuweza kulainisha kingo zake, na ilipotaka kuchapa ilibidi itafute fonti nyingine kwa ajili ya printa na kuomba Mungu upana ulingane. Kuanzia mwaka 2000 hivi Keith Packard alibadilisha mpango huo kwa nyongeza ya Render na maktaba ya Xft. Programu ikaanza kufungua fonti yenyewe, ikatengeneza picha za maumbo, ikaipelekea seva picha hizo mara moja, na baada ya hapo ikawa inatuma namba na nafasi tu. Seva haikuhitaji tena kujua fonti ni nini. Tangu hapo fonti za aina mpya, lugha mpya na mbinu mpya za kupanga maandishi zimeingia bila seva kuguswa.

Ndani ya tabaka lenyewe, dhana ya fonti inahitaji kugawanywa. Faili la fonti ni kitu kimoja. Faili hilohilo likiwa limechaguliwa kwa ukubwa fulani ni kitu kingine. Sehemu ya kwanza hubeba majedwali: lile linalofunga herufi na maumbo, lile la upana, la mizingo, la kanuni za kubadilisha maumbo na la kanuni za kuyaweka mahali pake. Sehemu hii isibadilike baada ya kufunguliwa, ili nyuzi nyingi za programu ziweze kuisoma kwa pamoja bila kufungiana milango. Sehemu ya pili hubeba ukubwa, mwinamo wa kubuni ikiwa fonti haina italiki yake, na vipimo vya fonti zenye kubadilika. Fonti hizo, ambazo Adobe, Apple, Google na Microsoft walizitangaza kwa pamoja Septemba 2016, huhifadhi uzito na upana wa aina nyingi ndani ya faili moja, hivyo maktaba inayodhani kwamba faili moja ni mtindo mmoja hukwama papo hapo. HarfBuzz, maktaba ya kupanga maumbo, hutenganisha pande hizi mbili kwa usafi. Katika FreeType, maktaba ya kusoma fonti na kuchora maumbo, ukubwa hukaa ndani ya kitu kilekile kinachowakilisha faili, na nyuzi mbili zikikitumia kwa ukubwa tofauti kwa wakati mmoja hugongana. Anayeitumia inambidi aweke utaratibu wake wa kuzuia hilo.

Kutafuta fonti ni kazi ya kujitegemea, na ni bora iachwe kwa mfumo wa uendeshaji. Kwenye Linux kuna Fontconfig, kwenye Windows DirectWrite, kwenye macOS Core Text, na kila moja inajua fonti zilizosakinishwa na zile ambazo mtumiaji anazipendelea. Kiolesura kinachofaa hapa hupokea ombi lenye sifa, yaani jina la familia, uzito, mwinamo, lugha na herufi zinazohitajika, na kurudisha orodha ya fonti iliyopangwa kwa ubora. Programu inayobeba fonti zake yenyewe, au kifaa kidogo kisicho na mfumo kamili wa uendeshaji, huweka nyuma ya kiolesura hichohicho mtafutaji mwepesi anayesoma folda moja tu. Jibu likija kama orodha ndefu kuliko fonti moja, suala la fonti mbadala huwa limetatuliwa nusu.

Nusu iliyobaki ndiyo yenye mitego. Fonti iliyochaguliwa inapokosa herufi, maktaba nyingi hubadilisha fonti kwa herufi hiyo moja tu na kuendelea. Kwa ŋ ya Kiganda matokeo ni herufi moja nene kuliko wenzake katikati ya neno, jambo linaloudhi ila linasomeka. Kwa alama inayoambatana ni kasoro kubwa: ɔ ikitoka fonti moja na toni ikatoka fonti nyingine, toni haina namna ya kujua ikae juu ya nini, na huelea pembeni. Kwa hati ya Kiarabu neno zima linaweza kuvunjika. Kiswahili kiliandikwa kwa hati hiyo kwa karne nyingi, na wanaoziingiza tungo za kale kama Utendi wa Tambuka kwenye kompyuta hukutana na herufi pe na che ambazo Kiarabu cha kawaida hakina. Neno chupa lina zote mbili. Che hukaa kwa umbo la mwanzo wa neno na pe kwa umbo la mwisho, zikishikana. Pe ikiletwa kutoka fonti nyingine, mkono wa kuunganisha hukutana na mwenzake kwa unene na kimo tofauti, au haukutani naye kabisa. Kanuni inayofaa ni kubadilisha fonti kwa fungu zima, yaani herufi pamoja na alama zake zote, na kwa hati zinazoshikana kubadilisha kwa neno zima. Nafasi tupu, nukta na mabano yafuate fonti ya maneno yaliyo jirani nayo.

Kupanga maumbo, hatua ya tatu, ni kazi ambayo hakuna sababu ya kuiandika upya. HarfBuzz, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Behdad Esfahbod, ndiyo inayotumika ndani ya Android, Chrome, Firefox na LibreOffice, na imekusanya maarifa ya hati ambazo msanidi mmoja hawezi kuzijua zote maishani. Hupokea kipande cha maandishi chenye fonti moja, hati moja, lugha moja na uelekeo mmoja. Hutoa namba za maumbo, nafasi zake na namba ya fungu ambalo kila umbo limetokea. Namba hiyo ya fungu ndiyo msingi wa kishale, wa kuchagua maneno kwa kipanya na wa ile ramani iliyotajwa juu. Lugha nayo isiachwe wazi kwa kudhani kwamba haina kazi, kwa sababu fonti moja inaweza kuwa na maumbo tofauti ya herufi ileile kulingana na lugha. Herufi Ŋ kubwa huchorwa kwa mitindo miwili, mmoja unaofanana na N kubwa yenye mkia na mwingine unaofanana na n ndogo iliyokuzwa, na fonti zilizotengenezwa kwa uangalifu huchagua kwa kutazama lugha.

Kuna kishawishi cha kutumia mpangaji wa kila mfumo wa uendeshaji ili programu ifanane na majirani zake. Kwa maktaba inayofanya kazi kwenye mifumo mingi ni uamuzi wenye majuto. Hati iliyopangwa kwenye Windows itakata mistari mahali pengine kwenye Linux, na kila ripoti ya hitilafu italazimu kuuliza kwanza mtumiaji yuko kwenye mfumo gani. Fonti zitafutwe kwa njia ya mfumo, maumbo yapangwe kwa injini moja kila mahali, na pikseli zichorwe kwa njia ya mfumo pale tu mwonekano wa wenyeji unapotakiwa.

Vipimo vinastahili uangalifu zaidi kuliko vinavyopewa kwa kawaida. Mizingo ya fonti huchorwa kwenye gridi ya vizio, kwa kawaida 1000 au 2048 kwa ukubwa mzima wa herufi. Chukua umbo lenye upana wa vizio 1139 kwenye gridi ya 2048, likichorwa kwa pointi 11 kwenye skrini ya nukta 96 kwa inchi. Ukubwa wa fonti ni pikseli 14.67, na upana wa umbo ni pikseli 8.16. Maktaba inayokadiria kila upana hadi namba nzima italipa umbo hilo pikseli 8, na baada ya maumbo 60 mstari utakuwa mfupi kwa pikseli 9 na ushei, zaidi ya upana wa herufi nzima. Hati hiyohiyo ikichapwa, mistari itakatika kwingine. Nafasi zihifadhiwe kwa sehemu za pikseli tangu mwanzo hadi mwisho. FreeType na wengine hutumia moja ya 64 ya pikseli, na inatosha. Kukadiria, kama kupo, kuwe ndani ya hatua ya kuchora pekee, mahali ambapo hakuwezi kurudi nyuma na kuharibu upangaji.

Kimo cha mstari kina fujo yake. Faili moja la OpenType lina seti tatu za vipimo vya wima: moja katika jedwali la hhea na mbili katika jedwali la OS/2, na mara nyingi haziafikiani. Kanuni iliyo salama ni kutumia seti ya OS/2 iitwayo typo pale biti ya 7 ya fsSelection inapoagiza hivyo, na hhea kwingineko, kisha kubaki na kanuni hiyo bila kuyumba. Kimo cha mstari kitokane na fonti kuu ya aya. Kikitokana na kila fonti mbadala inayojitokeza, emoji moja itakayoandikwa kwenye kisanduku cha ujumbe itasukuma mstari mzima chini, na mtumiaji ataona maandishi yakirukaruka anapoandika.

Katika kugeuza mizingo kuwa pikseli, FreeType, kazi iliyoanzishwa na David Turner mwaka 1996, bado ndiyo chaguo la wengi. Inasoma mikunjo ya TrueType na ile ya PostScript, na hutoa picha ya ngazi 256 za kijivu inayoeleza ni kiasi gani cha kila pikseli kimefunikwa na umbo. Mjadala mkubwa wa zamani ulikuwa juu ya maelekezo yaliyomo ndani ya fonti za TrueType, yanayosukuma mizingo ikae sawasawa kwenye gridi ya pikseli. Hataza za Apple zilizuia injini huria kuyatumia bila kibali hadi zilipokwisha Mei 2010. Leo skrini zenye nukta nyingi zimeupunguza uzito wa mjadala huo. Kwa skrini za kawaida njia ya kati inafaa: kunyoosha umbo kwa wima tu, ili mistari ya mlalo iwe mikali, huku upana ukiachwa kama mchoraji wa fonti alivyoutaka. Kwa skrini kali kutonyoosha kabisa ndiko kuzuri zaidi. Mbinu ya kutumia vijipande vya rangi vya kila pikseli, ambayo Microsoft iliitangaza mwaka 1998 kwa jina la ClearType, ibaki kuwa chaguo linalozimika lenyewe pale picha inapozungushwa, inapowekwa juu ya uwazi au inapochorwa kwenye skrini isiyojulikana mpangilio wake. Apple iliiacha kwenye macOS ya mwaka 2018.

Kuchanganya rangi hufanywa vibaya kimyakimya. Pikseli iliyofunikwa nusu na herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, ikihesabiwa kwa thamani za sRGB moja kwa moja, hupata 128. Ikihesabiwa kwa nguvu halisi ya mwanga hupata 188. Kwa sababu ya tofauti hiyo, herufi nyeusi juu ya nyeupe huonekana nene na nyeupe juu ya nyeusi huonekana zimekonda, ingawa ni umbo lilelile. Hesabu sahihi ya mwanga nayo huzifanya herufi ndogo nyeusi zionekane dhaifu, kwa kuwa wachoraji wengi wa fonti walizipima kwa macho kwenye mifumo iliyokosea. Wengi huishia kwenye kigezo kilicho katikati. Kigezo hicho kiwe mahali pamoja kinapoweza kurekebishwa, kisitawanywe katika kila njia ya kuchora.

Akiba ya maumbo yaliyokwisha kuchorwa ndiyo inayoamua kasi. Ufunguo wake uwe na fonti pamoja na ukubwa na vipimo vyake, namba ya umbo, aina ya ulainishaji, na nafasi ya umbo ndani ya pikseli ikikadiriwa hadi robo. Robo nne za mlalo zinatosha. Jicho haligundui zaidi ya hapo, na kumbukumbu inayotumika inabaki ya kuvumilika. Rangi isiingie kwenye ufunguo, maana huwekwa wakati wa kuchanganya, na ikiingia kila kiungo kinachobadilika rangi kitachorwa upya bila sababu. Kikomo cha akiba kipimwe kwa baiti: herufi moja ya kichwa cha habari hula nafasi ya mamia ya herufi ndogo, hivyo kikomo cha hesabu ya maumbo hakimlindi mtu yeyote. Maumbo makubwa, tuseme yanayozidi pikseli 256, yasiwekwe humo kabisa. Yachorwe kama mizingo ya kawaida.

Akiba ya pili, ya matokeo ya kupanga maumbo, huleta faida zaidi kuliko watu wanavyotarajia. Maneno hujirudia, na neno lililokwisha kupangwa kwa fonti, ukubwa, lugha na uelekeo uleule halihitaji kupangwa tena. Tahadhari na fonti zinazobadilisha nafasi kulingana na pengo kati ya maneno. Kwa hizo neno pekee si kizio salama, na tabaka likague jambo hilo mara moja fonti inapofunguliwa.

Kwenye kadi ya michoro picha za maumbo hupangwa ndani ya picha moja kubwa. Picha ya 1024 kwa 1024 yenye baiti moja kwa pikseli huchukua megabaiti moja na kubeba maumbo zaidi ya 2500 ya pikseli 20 kwa 20, kiasi kinachozitosha lugha za alfabeti lakini hakikitoshi Kichina. Pale maandishi yanapokuzwa na kupunguzwa mfululizo, kama kwenye ramani na michezo, njia aliyoieleza Chris Green wa Valve mwaka 2007 inafaa: badala ya ufunikaji huhifadhiwa umbali wa kila nukta kutoka kwenye ukingo wa umbo, na picha moja ndogo hutumika kwa ukubwa wowote. Pembe kali hulegea kidogo kwa njia hii na herufi ndogo hupoteza ukali, hivyo isiwe njia pekee ya maktaba inayochora pia menyu na aya. Kwa kuwa kinachopita mpakani ni mfuatano wa maumbo, njia zote mbili zinaweza kuishi chini yake, na uchaguzi ukafanywa kwa kila mfuatano.

Emoji na fonti za rangi hudai jambo moja: anayechora awe na aina mbili za majibu, picha ya ufunikaji inayosubiri kupakwa rangi na picha iliyokwisha kuwa na rangi zake. Nafasi ya aina hizo mbili iachwe tangu siku ya kwanza, hata kama ya pili haijaandikwa. Kuiingiza baadaye hugusa kila njia ya kuchora.

Faili la fonti ni programu ndogo inayoweza kutoka kwa mtu yeyote kwenye intaneti, na litazamwe kwa jicho hilo. Oktoba 2020 ilibainika kwamba kasoro katika FreeType, kwenye sehemu inayosoma picha za PNG zilizofungwa ndani ya fonti, ilikuwa tayari inatumiwa na wavamizi dhidi ya Chrome. Fonti kutoka nje zipitishwe kwanza kwenye kichujio kinachokagua majedwali, zifunguliwe katika mchakato usio na ruhusa ya kugusa mafaili ya mtumiaji, na ziwekewe kikomo cha ukubwa na cha muda wa kuchorwa. Jedwali lililoharibika lisiiangushe programu. Fonti ikataliwe na mtafutaji arudishe inayofuata kwenye orodha.

Majaribio yafuate mipaka ileile. Upangaji wa maumbo hujaribiwa kwa kulinganisha namba na nafasi, bila kuchora chochote, na majaribio hayo ni mepesi na hayayumbi. Maneno ya kujaribia yachaguliwe kwa ugumu wake: lɛlɔ́ kwa alama zinazoambatana, ĩ kwa njia zake zote mbili, chupa kwa hati ya Kiarabu katikati ya sentensi ya Kilatini, na ng'ombe kwa kila aina ya ritifaa inayotoka kwenye kibodi, ili ionekane kwamba kubofya mara mbili kunalichagua neno zima. Uchoraji hujaribiwa kwa picha, na hapo fonti ziwe zimefungwa pamoja na majaribio yenyewe, kwa kuwa fonti ya mfumo ikisasishwa picha zote hubadilika usiku mmoja. Andika, fonti ya SIL iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, ina leseni huria na hubeba herufi za lugha nyingi za Afrika. Kwa upande wa hati ya Kiarabu familia ya Noto inatosha. Ulinganisho wa picha uruhusu tofauti ndogo ya ngazi za kijivu kwa kila pikseli, lakini usiruhusu umbo lihame hata kwa pikseli moja.